Bahasha ya Sadaka

Barua ilifika Ijumaa, na kufikia Jumanne asubuhi Vernell Stribling alikuwa amekwisha kuisoma mara tisa. Haikuwa ndefu. Mwandishi alitumia karatasi ya mistari na wino wa buluu, akaandika kwa herufi kubwa tupu, kama wafanyavyo wote wanaodhani mwandiko wao unajulikana mji mzima.

ERNESTINE TEAGUE AMEWADANGANYA. AMEAPA HANA KITU ILA ILE NYUMBA YA MTAA WA HOLLIS. MUULIZENI ZILE EKARI AROBAINI ZA MISSISSIPPI, ZENYE KISIMA CHA MAWE. WENZAKE WALIUZIWA NYUMBA, KWA NINI YEYE AKAE BARAZANI ANAKUNYWA CHAI?

"Jina hakuweka," alisema Hargis Whitlow, akiirudisha karatasi mezani.

"Kaweka, bosi. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo jina lake. Sijaweza kulisoma tu."

Whitlow alikuwa msimamizi wa kesi za ufilisi pale Memphis, na Vernell alikuwa mpelelezi wake. Mama huyu alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili katika kitengo cha wizi cha polisi, akastaafu magoti yalipomchoka, ila macho na ulimi vikakataa kustaafu. Kazi ilikuwa haiishi. Memphis watu walikuwa wakienda kuomba ufilisi kama watu wa miji mingine wanavyokwenda kung'oa jino: hakuna anayependa, lakini kila ukoo una aliyekwisha kwenda. Ernestine alikuwa ameomba ule wa miaka mitano. Ukiuomba huo, mahakama inauzuia mnada wa nyumba yako siku hiyo hiyo, nawe unalipa madeni kidogo kidogo kupitia kwa msimamizi mpaka umalize. Sharti lake ni moja. Utaje kila ulicho nacho, kwa kiapo, hata pete na kuku.

"Alhamisi saa nne namwona hakimu," Whitlow alisema. "Kama ameficha ardhi, naomba kesi itupwe. Ikitupwa, benki inainadi ile nyumba kabla mwezi haujaisha."

"Na kama amesahau?"

"Mtu husahau miwani, Vernell. Hasahau ekari arobaini."

"Wewe hukuzaliwa kwetu," alisema Vernell, akaichukua bahasha na kutoka nayo.

Bahasha yenyewe ndiyo iliyokuwa inamkera. Ilikuwa ndogo, ndogo mno kwa barua, na anwani ya ofisi ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko cheupe kipana kilichofunika karibu upande wote. Kwa nini mtu abandike kibandiko juu ya bahasha nyeupe? Aliisogeza kwenye kioo cha dirisha la korido, jua la Oktoba likapenya. Chini ya kibandiko kulikuwa na maandishi ya kupigwa chapa: KANISA LA BAPTISTI LA CHEMCHEMI YA GILEADI. Chini yake, JUMAPILI, OKTOBA 9. Pembeni palikuwa na namba, lakini hiyo ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikabaki utando.

Vernell alicheka peke yake. Hakuna aliyebatizwa katika mji ule asiyezijua bahasha hizo. Kila muumini hupewa kisanduku chake mwanzo wa mwaka, bahasha hamsini na mbili, kila moja na tarehe ya Jumapili yake na namba ya mtoaji. Hukaa jikoni karibu na simu. Watu huandikia orodha ya sokoni, huwekea meno ya watoto, humtumia jirani dola kumi. Muhuri wa posta ulisema Oktoba 6, Alhamisi. Kwa hiyo mwandishi alikuwa ametumia bahasha ya Jumapili kabla Jumapili yenyewe haijafika, na Jumapili ilipofika alikwenda kanisani bila bahasha, au hakwenda.

Alianza na mtuhumiwa, maana ndivyo alivyofundishwa.

Ernestine Teague alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono ya kazi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, baraza limepakwa rangi upya, maua ya manjano kwenye makopo. Ukiitazama hivyo tu ulikuwa unaona kwa nini mtu angeweza kuionea kijicho. Alimkaribisha mgeni jikoni, akamwekea sukuma wiki iliyochemshwa na kongoro la nguruwe wa moshi, na kipande cha mkate wa mahindi, kabla hata ya kuuliza amekuja kufanya nini.

Vernell alikula. Kisha akaanza na swali analoanza nalo siku zote. Watu hudanganya juu ya pesa, lakini alikuwa hajamwona anayedanganya juu ya marehemu wake.

"Bi Ernestine, wazazi wako wamezikwa wapi?"

"Mama yuko hapa hapa mjini. Baba alitaka arudishwe Mississippi, kwa Babu Green. Tukamrudisha."

"Kwa Babu Green ni makaburini?"

"Ni shambani. Kuna kisima cha mawe, basi ukipita kisima unawaona wote. Babu, Bibi, mashangazi, Baba."

"Shamba la nani hilo?"

Ernestine alimtazama kama anayeulizwa mvua ni ya nani. "Si nimekwambia? La Babu Green."

"Babu Green alifariki lini?"

"Mwaka wa sitini na moja. Nilikuwa mtoto."

"Aliacha wosia?"

"Babu? Hakujua hata kusoma, mama. Aliinunua kwa pamba, mwaka hadi mwaka, na kabla ya kufa alisema shamba lisiuzwe. Basi halijauzwa."

"Sasa ni la nani?"

"La wote. La watoto wa Green. Nani kakwambia habari za shamba, kwani?"

Vernell aliweka uma chini. Lilikuwa kosa la watu wa kwao, na hata yeye shangazi zake walilifanya. Babu ananunua ardhi kwa jasho, anakufa bila karatasi, na watoto, wajukuu na vitukuu wanaendelea kuiita ya babu. Kisheria kila mmoja ana fungu lake. Kwa midomo yao hakuna hata mmoja mwenye kitu. Ukimwuliza mtu wa ukoo kama huo kama ana ardhi, ataapa juu ya Biblia kwamba hana, na moyo wake utakuwa mweupe.

Lakini moyo mweupe haupelekwi kwa hakimu. Hakimu anataka karatasi.

"Mnalilipiaje kodi?"

"Binamu Thaddeus ndiye analipa, yuko kule kule. Kila Krismasi kila mtu anamtumia dola ishirini."

"Na wewe?"

"Sijakosa hata mwaka mmoja. Hata kwenye zile fomu zenu niliandika."

"Wapi?"

"Sijui wapi! Zilikuwa kurasa hamsini. Wakili aliniuliza matumizi yangu yote, nikamtajia yote."

Vernell alifungua faili pale pale, katikati ya sahani. Alipita ukurasa wa mali, ambako kwenye mstari wa ardhi palikuwa na nyumba ya Mtaa wa Hollis peke yake. Alipita magari, nguo, vyombo. Kwenye ukurasa wa matumizi, chini ya umeme, maji na zaka, aliukuta mstari ambao si wakili, si Whitlow, wala yeye mwenyewe aliyewahi kuutilia maanani: *Kumsaidia binamu, kodi ya shamba la babu, dola 20 kwa mwaka.*

Aliusoma mara mbili. Mwizi haandiki risiti ya alichoiba. Mtu anayeficha shamba hawezi kuitaja kodi yake kwenye karatasi hiyo hiyo anayoapia.

"Nimekosea?" aliuliza Ernestine. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niambie kweli. Watainadi nyumba?"

"Umekosea ukurasa. Wakili wako atasahihisha kesho asubuhi, na malipo yako ya mwezi yatapanda kidogo kwa sababu ya hilo fungu. Utaweza?"

"Nitafua nguo za watu usiku."

"Basi nyumba haiendi mnadani. Sasa niambie, nani hakupendi?"

Ernestine alicheka kwa mara ya kwanza. "Kanisani au mtaani?"

"Anza na mtaani."

"Huyo hapo." Alionyesha kwa kidevu nyumba ya pili. "Hosea Pettis. Nyumba yangu ilipotangazwa kuuzwa alikuja na futi ya kupimia. Aliupima uzio nikiwa nimesimama namtazama."

"Na kanisani?"

"Ah, kanisani wote wanapendana," alisema, na wote wawili wakacheka.

"Ndugu?"

"Nina dada mmoja tu, Arvella. Huyo ndiye aliyenipeleka kwa wakili. Alikwisha pita njia hii kabla yangu. Nilikuwa nalia kwenye simu, akaniambia, weye acha kulia, vaa viatu. Bila yeye ningekuwa barabarani."

Vernell aliandika jina hilo kwenye daftari lake bila kuliwekea alama yoyote.

Vernell alimkuta Hosea Pettis akisafisha gari lililokuwa safi tayari. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mstaafu wa kiwanda cha matairi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ameiba nini?"

"Nani kasema ameiba?"

"Watu wa serikali hawaji kula sukuma bure. Nimeinusa toka hapa."

"Ulitaka kuinunua nyumba yake?"

"Nilitaka, na bado nataka. Mwanangu angekaa pale." Alipangusa kioo kwa nguvu isiyohitajika. "Nikuulize wewe unayejua sheria. Mimi nimelipa nyumba yangu miaka thelathini sijakosa mwezi. Mke wangu alikuwa mgonjwa, nililipa. Kiwanda kilifungwa, nilipata kazi ya kufagia, nililipa. Kuna hakimu aliyenipigia simu kunipongeza? Huyu mwenzangu ameshindwa miezi saba, na sasa analindwa na mahakama nzima, na ana muda wa kupaka rangi baraza!"

"Inakuuma."

"Inaniuma sana, mama. Sifichi."

"Uliandika barua?"

"Barua gani? Nikiwa na neno namwambia usoni. Nimekwisha mwambia mara tatu."

"Bwana Pettis, unajua nini juu ya ardhi ya familia yake?"

"Ana ardhi pia?" Kitambaa kilisimama juu ya kioo. Uso wa mzee ulibadilika kabisa, ukawa wa mtu aliyepigwa kofi. "Ana nyumba *na* ardhi?"

Vernell alimwacha hapo. Hasira unaweza kuiigiza, machozi pia, lakini wivu mpya kama ule hauigiziki. Mzee alikuwa amesikia habari za shamba dakika ile ile. Hata hivyo stika kwenye kioo cha gari lake ilionyesha kwamba alikuwa muumini wa Gileadi, na Vernell hakuwa mtu wa kuachia uzi kwa sababu tu ameupenda mwingine.

Ofisi ya kanisa ilikuwa nyuma, karibu na ukumbi wa kulia. Katibu wake, Zenobia Coggins, alikuwa amefunga rejista ya zaka kabla Vernell hajamaliza kujitambulisha.

"Hiyo haifunguki, Dada Stribling. Hata mchungaji anaomba."

"Sikuombi uifungue, Dada Coggins. Nataka kujua tu kuna watu wangapi ambao hawakuleta bahasha Jumapili ya tarehe tisa."

"Kati ya mtu na Mungu wake."

"Amina," alisema Vernell. "Naweza kupata maji?"

Maji yalikuwa ukumbini, na ukumbini ndiko kulikokuwa na ubao. Alikuwa ameuona kwa pembe ya jicho wakati anaingia. Kanisa lilikuwa linachangia paa jipya, na kamati ya paa, ambayo bila shaka haikuwa na mtu anayemwogopa Mungu kama Coggins, ilikuwa imetundika ukutani karatasi kubwa yenye jina la kila mchangiaji na kisanduku kwa kila Jumapili. Aliyeleta dola kumi au zaidi katika bahasha yake alibandikiwa nyota ya dhahabu. Aliyeleta pungufu alipata ya fedha. Asiyeleta, kisanduku chake kilibaki kitupu, na kanisa zima likala kuku wa kukaanga mbele yake.

Vernell alikunywa maji polepole huku kidole chake kikishuka kwenye safu ya Oktoba 9. Majina arobaini na mawili. Visanduku vitupu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha Mama Lovie Sturdivant. Mstari wake ulikuwa mtupu tangu Agosti.

"Yuko hospitali," alisema Coggins, aliyekuwa amemfuata. "Maskini. Miguu."

"Na Hosea Pettis? Naona nyota zake zimekoma Julai."

"Aligombana na kamati kuhusu fundi. Akasema hatoi senti mpaka wamwombe radhi. Bahasha zake alizirudisha zote, na kisanduku chake, akazitupa hapo mezani kwangu."

"Zote?"

"Nilizihesabu mwenyewe, nikazichana."

Basi Pettis alikuwa ametoka kwenye orodha. Kikabaki kisanduku kimoja. Mstari wake ulikuwa umejaa nyota za fedha kuanzia Januari bila kukosa Jumapili hata moja, pamoja na ile ya kimbunga, mpaka tarehe tisa Oktoba. Pale palikuwa patupu. Jina lilikuwa Arvella Yarbrough.

Juu yake, kwa mpangilio uleule, mstari wa Ernestine Teague ulikuwa unang'aa dhahabu toka mwanzo hadi mwisho.

"Mtu aliyefilisika anatoaje dhahabu?" Vernell aliuliza, ingawa jibu alilijua. Sheria ya ufilisi inamwachia mtu zaka yake.

"Hilo hilo swali aliniuliza dadake!" Coggins alisahau kwamba alikuwa amefunga mdomo. "Alisimama hapo ulipo, mwezi wa tisa. Akasema, mimi sina deni la mtu na ninatoa dola tano, yeye mahakama inamlisha na anatoa kumi. Nikamwambia, Dada Arvella, nyota si mashindano. Akaniambia, basi ziondoe ukutani."

Hapo Vernell alikubaliana na Arvella, lakini hakusema.

Alirudi ofisini, akakaa mbele ya kompyuta ya mahakama. Ernestine alikuwa amesema dadake alikwisha pita njia hiyo. Aliandika jina, faili likafunguka. Arvella Yarbrough alikuwa ameomba ufilisi miaka miwili iliyopita, lakini si ule wa miaka mitano. Aliomba ule wa haraka, ambao madeni hufutwa yote kwa miezi minne na wewe unaachia usichoweza kukilinda. Nyumba yake alikuwa ameiachia. Ilikuwa imenadiwa kwenye ngazi za mahakama asubuhi moja ya Machi, ndani ya dakika tatu.

Vernell alishuka mpaka ukurasa wa mali. Kwenye mstari wa ardhi nyingine, popote ilipo, fungu lolote, kulikuwa na neno moja na sahihi chini yake: *Hakuna.*

Alilitazama neno hilo muda mrefu. Kisha akampigia simu karani wa ardhi wa ile wilaya ya Mississippi, akangoja, akaandika alichosomewa. Ekari arobaini, kwa jina la Green Yarbrough, marehemu. Hati haijawahi kubadilishwa. Karani aliongeza kwamba mwaka ule alikuwa mtu wa pili kuuliza. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa ardhi kutoka Tupelo, mwezi wa nane, aliyekuwa anatafuta warithi mmoja mmoja ili awanunulie mafungu.

Alikuwa amepata yote. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yake alikuwa akisema, na tangu utoto Vernell alikuwa anatamani msemo huo ushindwe siku moja.

Arvella Yarbrough alikuwa anaishi ghorofa ya pili ya jengo la kupanga karibu na uwanja wa ndege. Vyumba viwili, zulia la kahawia, ndege zikipita juu kila dakika nne. Alikuwa mrefu kuliko mdogo wake na mzuri kuliko yeye, mwenye mgongo ulionyooka. Hakutoa chakula. Kisanduku cha bahasha kilikuwa juu ya friji, karibu na simu.

"Ni kuhusu Ernestine?" aliuliza. "Ana shida?"

"Ulijuaje?"

"Ni mdogo wangu. Shida zake zote hupitia kwangu."

"Wewe ndiye uliyempeleka kwa wakili."

"Nilimshika mkono."

"Ukitaka apone?"

"Swali gani hilo? Nilitaka asilale barabarani."

Vernell alitoa barua, akaiweka juu ya meza, na bahasha juu yake, kibandiko kikiwa kimeondolewa. Arvella hakuigusa. Ndege ilipita, wakangoja imalize.

"Sijui hiyo," Arvella alisema.

"Umekosa nyota moja mwaka mzima, Bi Arvella."

"Watu wote Gileadi wana bahasha."

"Wangapi wanajua kisima cha mawe?"

Arvella alisimama, akaenda dirishani, akakaa ametazama uwanja wa magari. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imepoa, na ukweli ulikuwa unatoka kwa mtiririko, kama uliokuwa umechoka kukaa ndani.

"Nilimwambia achukue ule wa haraka. Kama mimi. Aiachie nyumba, aanze upya, tukae jirani hapa. Kulikuwa na chumba kitupu chini. Tungekunywa kahawa pamoja asubuhi, wote wawili hatuna kitu, basi. Wakili akamwambia kuna njia nyingine, unaweza kubaki na nyumba ukijibana. Mimi hakuna aliyeniambia nijibane! Mimi niliambiwa weka sahihi hapa. Nilisimama kwenye zile ngazi nikasikiliza nyumba yangu inauzwa, mnadi anatafuna ubani. Halafu kila Jumapili ananialika. Njoo uone rangi ya baraza. Njoo uone maua. Nilipanda mimi maua kama yale, miaka kumi na tisa."

"Ni nani aliyekwambia kwamba shamba lina fungu lako?"

"Bwana mmoja wa Tupelo. Alikuja hapa mwezi wa nane, akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia ninamiliki sehemu, na inauzika. Nikacheka. Kisha nikafikiri, kama mimi ninayo, na Ernestine anayo."

"Na ukajua hakuitaja."

"Nilijua. Nilikuwa nimekaa pembeni yake akijaza fomu."

"Basi nisikilize vizuri," alisema Vernell, na hapa hakuwa na furaha yoyote ya kazi. "Wewe pia ulijaza fomu. Ya kwako inasema hakuna."

"Sikujua wakati ule. Sisi wote tunasema ni ya Babu."

"Ulipojaza hukujua. Nakuamini. Lakini mwezi wa nane ulijua, na mwezi wa kumi ukaandika barua hii, na barua hii inathibitisha kwamba ulijua. Hukuja kusahihisha ya kwako. Ulikuja kuchongea ya mwenzako. Ernestine aliandika kodi ya shamba kwenye ukurasa wa matumizi, tena kwa kiapo. Hakimu atamwona ni mtu aliyekosea ukurasa. Wewe atakuona nani?"

Arvella aligeuka kutoka dirishani.

"Faili lako litafunguliwa upya. Sina namna ya kulizuia, ripoti yangu inaingia kesho. Fungu lako la shamba litakuwa la wadai wako, na atakayelinunua, sana sana huyo bwana wa Tupelo, anaweza kuiomba mahakama ya Mississippi iuze ekari zote arobaini ili apate chake. Pamoja na kisima. Pamoja na makaburi. Ndugu zako wote watataka kujua ilianzaje."

Vernell alikuwa amewapa watu habari mbaya kwa nusu ya maisha yake, na alikuwa akijua mpangilio wake: kwanza mtu huuliza juu ya jela, kisha juu ya pesa, kisha juu ya watu watasema nini. Alingoja swali la kwanza huku akikusanya karatasi zake.

"Na nyumba?" Arvella aliuliza.

"Nyumba gani?"

"Ya Ernestine. Atabaki nayo?"

Vernell alifunga faili. "Atabaki nayo."

Arvella alirudi kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Hata baada ya haya atakaa barazani," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.